Ya Mia Tano Themanini na Sita

Kopo la maziwa ya unga, ndani herufi sita za risasi:
A, B, I, R, S, U, zimefungwa kwa uzi wa kushonea vitabu.
Na kipande cha karatasi, mwandiko wa baba umeinamia kulia:
"Ya 586, kwa mpango wa kamusi."
Basi. Hakuna salamu, hakuna "mwanangu".

Baba alipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, Gerezani,
miaka ishirini na mitatu akisoma kila neno kinyumenyume,
maana risasi husema kweli ikishagusa karatasi tu.
Zamu ikipoa, mama anasema, alikuwa akizigeuzageuza hizo sita
na kuandika kila sura yake kwenye daftari la kaunta,
kuanzia ABIRSU hadi USRIBA,
mia saba na ishirini, bila kuruka hata moja.
Daftari lilichukuliwa na Msimbazi, mwaka maji yalipoingia Kigogo
na godoro letu likaenda zake bila kuaga.

Usiku huu, Tabata Kimanga, luku imeisha.
Betri ina asilimia kumi na tisa.
Ningeweza kuiamuru mashine izitaje zote,
isingetoa hata jasho.
Lakini sikutaka kubebwa. Nilitaka kuijua njia.

Kwa hiyo nikagawa.
Kila herufi inayokaa mbele ina watu mia na ishirini nyuma yake.
Iruke A na watu wake, iruke B, I, R:
mia nne na themanini wamepita. Simama kwa S.
Itoe kwenye kopo. Zimebaki tano,
na kila moja sasa ina watu ishirini na wanne;
kisha sita, kisha wawili, kisha mmoja.
Ndivyo uchaguzi unavyopungua:
wa kwanza una kelele,
wa mwisho ni kuokota kilichobaki.

Mistari kumi na minne ya programu. Nikabonyeza.

SUBRAI.

Nikaisoma kwa sauti. Subrai. Si mtu, si mji, si dawa ya kikohozi.
Labda baba alitaka busara, nikawaza, lakini busara hula A mbili
na kopo lina moja.
Asilimia saba. Mbu anakagua sikio langu.

Halafu nikacheka peke yangu gizani.
Mashine huanza kuhesabu kwenye sifuri.
Baba alianza kwenye moja, kama yeyote aliyewahi kupanga foleni ya sukari:
huwezi kumwambia mtu wa mbele kabisa kwamba yeye ni sifuri.
Nikatoa moja.
Kumbe nilikuwa nimesimama nyuma ya mgongo wake hasa,
nikiuliza watu kama wamemwona.

SUBIRA.

Nikaenda kumwamsha mama. Hakuwa amelala.
Nikampangia herufi sakafuni, kutoka kulia, kama baba,
nikizimulika kwa tochi ya simu.
Alichukua muda. Kisha akasonya, nusu yake kicheko.
"Ndilo jina alilotaka kukupa.
Mimi niko Amana, siku ya pili ya uchungu,
yeye yuko mlangoni na kijikaratasi chake.
Nikamwambia, huyo Subira kamzae wewe."

Asubuhi yake akaniandikisha: Sikudhani.

Betri imekufa. Sijalala.
Jina langu lina I mbili, na programu yangu haiwezi kulibeba;
itabidi niiandike upya, nigawe kwa mbili,
kwa kuwa I zikibadilishana viti hakuna atakayejua.
Umeme ukirudi nitatafuta mimi ni ya ngapi.
Kwa sasa vidole vina weusi wa risasi
na mama, chumba cha pili, anahesabu kitu kwa sauti ya chini,
sijui ameanzia wapi.